Mafuta ya Mwili, Mishipa ya Damu na Saratani ya Mfupa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yanaulizwa na wazazi, wagonjwa na wanafunzi wa uuguzi wa huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Mafinga. Mengi yamezaliwa na jumbe za WhatsApp zinazodai kwamba mafuta ya mwili ndiyo yanayolisha saratani ya mfupa, na kwamba mgonjwa akikondeshwa uvimbe utanyauka wenyewe. Ndani ya jumbe hizo kuna chembe ya kweli iliyotoka maabara. Kilichojengwa juu ya chembe hiyo ndicho kinachotutia hofu, maana kinamfanya mzazi amnyime chakula mtoto anayehitaji kila kijiko. Kwa hiyo tutaeleza sayansi yenyewe bila kuificha, kisha tuseme inapoishia.

Mafuta ya mwili si akiba tu? Homoni zinatoka wapi?

Kwa miaka mingi hata vitabu vya baiolojia viliyaona mafuta kuwa ghala la nishati, basi. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, likatambua jeni ya leptini, homoni inayotengenezwa na seli za mafuta na kusafiri kwa damu hadi kwenye ubongo kutoa taarifa kwamba akiba ipo. Mwaka uliofuata ikaelezwa adiponektini. Zikafuata nyingine, kama resistini mwaka 2001. Homoni hizi kwa jumla huitwa adipokini.

Mbili za kwanza inafaa kuzielewa vizuri, kwa sababu mwenendo wao ni kinyume. Leptini huongezeka kadiri mtu anavyonenepa. Adiponektini hupungua mtu akinenepa na hupanda akikonda. Tena adiponektini ni nyingi ajabu: hupimwa kwa mikrogramu katika kila mililita ya damu, ilhali leptini hupimwa kwa nanogramu, na nanogramu 1,000 ndizo hufanya mikrogramu moja. Resistini ina habari yake. Kwa panya hutoka kwenye seli za mafuta, lakini kwa binadamu hutoka zaidi kwenye makrofaji, seli za kinga ambazo baadhi zimejikita ndani ya mafuta hayo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba resistini ya mtu inatoka kwenye kitambi chake, anazungumzia panya.

Ndani ya mfupa nako kuna mafuta?

Yapo, na ni mengi. Aliyewahi kugonga mfupa wa paja la ng'ombe akanyonya uboho ameyaonja. Mtoto huzaliwa na uboho mwekundu unaotengeneza damu karibu mifupa yote. Anavyokua, uboho wa manjano wenye mafuta huchukua nafasi, ukianzia vidoleni na kupanda kuelekea kiwiliwili. Kwa mtu mzima mwenye afya, mafuta ya uboho yanakadiriwa kuwa kama sehemu ya kumi ya mafuta yote ya mwili.

Uvimbe unaoota mfupani, kwa hiyo, unaota jirani kabisa na seli za mafuta. Homoni haina haja ya kusafiri kutoka tumboni au mapajani ili iufikie.

Jambo moja hapa huwashangaza hata wataalamu. Mtu anaposhinda na njaa kwa muda mrefu, mafuta ya chini ya ngozi huyeyuka, ila yale ya uboho yanaweza kuongezeka. Hali hiyo imeonekana kwa wagonjwa wa anoreksia, ambao hujinyima chakula hadi kubaki mifupa mitupu. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba mafuta hayo ya uboho huchangia kupanda kwa adiponektini katika damu wakati wa njaa. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye swali la kumnyima mgonjwa chakula.

Na mishipa ya damu inaingiaje katika habari hii?

Seli yoyote hai inataka oksijeni, na oksijeni hupenya umbali mdogo sana kutoka kwenye mshipa, sehemu tu ya milimita moja. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Boston, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua zaidi ya milimita moja au mbili bila kujipatia mishipa yake wenyewe ya damu. Wengi hawakumsadiki wakati ule. Leo hakuna anayelibishia.

Uvimbe hufanya kama mkulima wa Usangu anayechepusha maji ya mto yaingie kwenye majaruba yake bila kuwauliza walio chini. Seli zilizo katikati ya uvimbe zinapokosa oksijeni, protini iitwayo HIF-1, ambayo kwa kawaida huvunjwa haraka, hubaki na kujikusanya. HIF-1 huwasha jeni nyingi, ikiwemo ya VEGF, protini inayoamuru mishipa iliyo jirani ichipue matawi kuelekea inakotoka amri. Kazi ya kueleza jinsi seli zinavyoitambua oksijeni iliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Mishipa ya uvimbe si mizuri. Imepindapinda, inavuja, kuta zake ni dhaifu. Na udhaifu huo ndio mlango wa kutokea: seli ya saratani huingia ndani yake na kuondoka na damu. Osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata sana vijana, husambaa hasa kwa njia ya damu, na kituo chake cha kwanza karibu kila mara ni mapafu. Ndiyo maana kijana mwenye uvimbe gotini hupigwa picha ya kifua. Familia nyingi hushangaa, wengine hudhani daktari amekosea karatasi.

Basi, homoni za mafuta hufanya nini hasa kwenye mishipa hiyo?

Mwanga mwingi umetoka kwa watafiti wa Taiwan, ambao kwa miaka kadhaa wamechunguza seli za kondrosakoma, saratani inayofanana na gegedu na ambayo huwapata zaidi watu wazima. Mwaka 2015 walionyesha kwamba seli hizo zikiwekewa adiponektini, hutoa VEGF-A (ndiyo ile VEGF tuliyoitaja) kwa wingi zaidi. Njia yenyewe waliifuata hatua kwa hatua: homoni hushika kipokezi juu ya seli, kipokezi huamsha protini za PI3K, Akt na mTOR kwa zamu, na mwisho wa mnyororo yupo yuleyule HIF-1. Kwa lugha nyingine, homoni inaigiza ukosefu wa oksijeni. Majimaji yaliyotoka kwenye seli hizo yalipowekwa kwenye seli changa za mishipa ya damu, zilianza kutembea na kujipanga kuwa vijibomba.

Mwaka 2016 ikaja leptini. Hiyo, katika seli za kondrosakoma, iliongeza VEGF-C, ndugu wa VEGF-A ambaye kazi yake ni kuchipusha mishipa ya limfu, ile inayobeba majimaji na kuyapitisha kwenye tezi. Ilifanya hivyo kwa kupunguza kipande kidogo cha RNA, molekuli ya ndani ya seli inayofanana na DNA, ambacho kwa kawaida huizuia VEGF-C isizalishwe ovyo. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa resistini, nao katika kondrosakoma, ukaonyesha kwamba mishipa ya damu inachochewa.

Ukisoma matokeo hayo peke yake utaona kama kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kinyume chake: adiponektini ilizuia mishipa isichipue na kupunguza ukuaji wa uvimbe katika panya. Homoni ileile. Tena katika saratani ya matiti, tafiti nyingi zimekuta wanawake wenye adiponektini ya juu ndio wenye hatari ndogo. Homoni huzungumza tofauti na kila aina ya seli, kutegemea vipokezi vilivyopo na mazingira yake. Anayekuuzia dawa ya "kupandisha adiponektini" au ya "kuishusha" hana msingi wa kusimamia, na sisi tunadhani anapaswa kuulizwa hivyo mbele ya watu.

Zingatia pia kwamba karibu yote tuliyoyaeleza yametokea kwenye vyombo vya maabara na kwa wanyama wadogo. Ni kazi nzuri na ya kweli. Inafungua njia ya dawa za kesho. Haimwambii mama wa Rungwe apike nini leo jioni.

Je, unene ndio unaosababisha saratani ya mfupa?

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, lilitaja aina 13 za saratani ambazo ushahidi unazihusisha na unene uliozidi. Zimo za utumbo mpana, ini, kongosho, figo, mji wa mimba, na matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Saratani inayoanzia mfupani haimo.

Osteosakoma huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 10 na 20, katika kipindi cha kurefuka kwa kasi, na mahali pake pakuu ni karibu na goti: mwisho wa chini wa mfupa wa paja au mwanzo wa mfupa wa goko. Bega hufuata. Tafiti zimeihusisha na urefu wa kimo kuliko uzito. Wachache huwa na kasoro ya kurithi, kwa mfano watoto waliopona retinoblastoma ya kurithi, ile saratani ya jicho inayofanya mboni ing'ae nyeupe kwenye picha. Wachache wengine waliwahi kupigwa mionzi ya tiba. Wengi hawana sababu yoyote inayojulikana. Hakuna mama aliyeileta kwa kumlisha mwanawe vizuri, wala kwa kumlisha vibaya.

Ila katika ile orodha ya 13 kuna moja inayotuhusu: mieloma, saratani ya seli za uboho, ambayo hutoboa mifupa ya watu wazima na kuwaletea maumivu ya mgongo na kuvunjika kwa mifupa bila ajali. Na kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea, saratani inayokutwa mfupani mara nyingi imetoka kwingine, kama matiti, tezi dume, mapafu au figo. Hapo suala la unene lina nafasi yake, ingawa kwa mlango mwingine.

Tumesikia tumpunguzie mgonjwa chakula ili kuua mishipa ya uvimbe. Ni kweli?

Hapana. Tunaomba jibu hili lifike mbali kuliko mengine yote.

Mgonjwa anayeanza dawa za saratani akiwa amekonda huzivumilia vibaya zaidi. Vidonda vyake vya upasuaji hupona taratibu. Chembe nyeupe za damu yake, zinazopigana na maradhi, zikishuka, huugua haraka. Mara nyingine dozi hulazimika kuahirishwa au kupunguzwa, na saratani ya mfupa haina subira na dozi zilizoahirishwa. Kijana wa miaka 14 bado anajenga mifupa na misuli, halafu tunamwongezea mzigo wa matibabu mazito. Kumshindisha na uji mwepesi katika hali hiyo ni kumdhoofisha yeye huku uvimbe ukiendelea kujichukulia unachotaka kutoka kwenye damu.

Rudi sasa kwenye yale mafuta ya uboho. Njaa huongeza adiponektini, na adiponektini ndiyo iliyoongeza VEGF katika seli za kondrosakoma. Hatusemi kwamba kufunga kunakuza saratani. Utafiti haujasema hivyo, nasi hatutausemea. Tunasema kwamba hata mtu akizifuata zile jumbe kwa mantiki yake zenyewe, hesabu haimtoki.

Chakula chenyewe tunacho huku. Maharage ya Mbozi, mayai, maziwa yaliyochemshwa, dagaa wa Ziwa Nyasa, viazi mviringo, ndizi za Tukuyu, uji wa ulezi uliotiwa karanga au maziwa. Parachichi lina nguvu nyingi katika vijiko vichache, na humfaa mgonjwa ambaye mdomo umejaa vidonda hawezi kutafuna. Mgonjwa apewe kidogokidogo mara nyingi, bila kumlazimisha kumaliza sahani. Kipindi ambacho dawa zimeshusha chembe nyeupe, matunda yamenywe, mboga zipikwe ziive, na maziwa mabichi yasiguswe. Kama kuna mtaalamu wa lishe hospitalini, omba kumwona. Familia nyingi hazijui kwamba yupo.

Vipi kuhusu kitimoto, mafuta ya kupikia na parachichi? Haviongezi hizo homoni?

Adipokini hutengenezwa na seli hai za mwili wako. Ni protini, hivyo hata kama zingekuwemo ndani ya nyama uliyokula, tumbo lingezimeng'enya kama protini nyingine yoyote. Kula mafuta si sawa na kumeza homoni. Kula kupita kiasi kwa miaka huongeza uzito, na uzito huo una madhara yake kwa moyo, sukari na zile saratani 13. Hilo ni suala la afya ya kila siku kwa mtu mzima aliye mzima, na tusilichanganye na mlo wa mtoto aliyelazwa.

Kuna dawa ya kukata mishipa inayolisha uvimbe?

Zipo. Protini ya VEGF ilitambuliwa na kunakiliwa jeni yake mwaka 1989 na kundi la Napoleone Ferrara huko Marekani, na mwaka 2004 dawa ya bevacizumab, kingamwili inayoinasa VEGF, iliidhinishwa nchini humo kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa osteosakoma zimejaribiwa zaidi dawa za vidonge zinazozuia vipokezi vya VEGF pamoja na njia nyingine: sorafenib, regorafenib, cabozantinib. Katika majaribio, regorafenib ilichelewesha ugonjwa kuendelea kwa wagonjwa ambao osteosakoma yao ilikuwa imerudi au kusambaa. Kuchelewesha, si kuponya. Bevacizumab ilipoongezwa kwenye matibabu ya kawaida ya osteosakoma, haikuleta nafuu iliyotarajiwa, na vidonda vya upasuaji vilisumbua zaidi.

Si ajabu. Mwili hauna VEGF kwa ajili ya saratani. Unaihitaji kuponya kidonda na kuunga mfupa, na mtoto anaihitaji ili mifupa yake irefuke, maana kwenye ncha za mfupa gegedu hugeuka kuwa mfupa pale tu mishipa ya damu inapoingia. Dawa hizi pia hupandisha shinikizo la damu na zinaweza kuleta kutokwa damu. Kwa hiyo hutolewa na daktari bingwa wa saratani kwa mgonjwa aliyechaguliwa, na matibabu makuu yanabaki yaleyale.

Dawa inayolenga adipokini zenyewe kwa saratani ya mfupa haijafika kwenye matibabu ya wagonjwa.

Kupima leptini au adiponektini kutatusaidia kujua kama tuna saratani?

Hakutasaidia. Kiwango chake hubadilika kwa uzito, jinsia, chakula na hata saa ya siku. Okoa hela ya kipimo hicho uiweke kwenye eksirei na nauli.

Tutajuaje basi? Kijana anasema goti linamuuma tangu alipocheza mpira.

Karibu kila kijana mwenye osteosakoma anakumbuka teke au anguko fulani, kwa kuwa kila kijana huanguka. Jeraha halisababishi saratani hii. Huvuta tu macho mahali palipokuwa tayari pana ugonjwa. Maumivu ya kuumia hupungua siku hadi siku. Ya saratani huzidi, huamsha mtu usiku, na hayaishi kwa kupumzika. Baadaye hutokea uvimbe mgumu, ngozi juu yake inakuwa ya moto, wakati mwingine vimishipa vinaonekana juu ya ngozi, na kijana anaanza kuchechemea. Anaweza kuwa na hamu ya kula na kuonekana mwenye afya tele. Hilo huwalaghai wengi.

Maumivu ya mfupa yaliyopita wiki mbili au tatu, au uvimbe wowote unaokua juu ya mfupa, unahitaji eksirei. Eksirei ya kawaida inatosha kuibua shaka. Inapatikana katika hospitali za wilaya, na katika hospitali za misheni kama Ikonda kule Makete.

Mzee wa mtaani anaunga mifupa na kuchua. Tuanzie kwake?

Wazee hawa wanaheshimiwa, na katika vijiji vingi ndio walio karibu. Tunawaomba nao pia wasome jibu hili. Uvimbe wa mfupa usichuliwe, usikandwe kwa nguvu, usichanjwe chale, usifungwe vijiti. Kuchua hakumalizi kitu, na mfupa uliokwisha kuliwa unaweza kuvunjika mkononi. Mfupa ukivunjika kwenye uvimbe, damu yenye seli za saratani humwagika kwenye nyama za pembeni, na uwezekano wa kuuokoa mguu hupungua. Hasara kubwa kuliko zote ni miezi inayopita. Mzee wa busara anayemwambia mzazi, "Huyu mpelekeni kwanza akapigwe picha, kisha mje," ameokoa maisha.

Tukiwa Mbeya au Iringa, safari ya matibabu inakwendaje?

Hospitali ya wilaya ikiona dalili kwenye eksirei, omba barua ya rufaa siku hiyohiyo. Wa Iringa na Njombe huanzia kwenye hospitali za rufaa za mikoa yao. Wa Mbeya, Songwe na jirani huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kutoka hapo wengi hupelekwa Dar es Salaam: Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa upasuaji, Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa watoto, Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa dawa na mionzi. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na mgonjwa mwenye mfupa dhaifu anahitaji mguu uliotegemezwa vizuri kabla ya kupanda basi la kuteremka Kitonga.

Kuna jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kulisemea. Kinyama cha kupima kinafaa kichukuliwe na timu itakayofanya upasuaji wenyewe, au kwa kushauriana nayo. Njia ya sindano au kisu inaweza kubeba seli za saratani, hivyo mpasuaji hulazimika kuiondoa pamoja na uvimbe. Ikipitishwa mahali pabaya, mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa. Uliza kwa upole: "Daktari, kipimo hiki tukifanye hapa au huko tunakopelekwa?" Daktari mzuri halichukulii hilo kuwa dharau.

Beba picha zote, pamoja na zile za zamani. Kama hamna bima ya afya na hela imekwisha, pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani.

Dawa na upasuaji vinaponya kweli, au tunapoteza hela?

Zamani, kabla ya dawa za saratani kuingia, vijana waliokatwa mguu peke yake walipona chini ya 2 katika kila 10, kwa sababu seli zilikuwa zimeshatangulia mapafuni. Dawa kama doxorubicin, cisplatin na methotrexate zilipoongezwa, katika nchi zenye huduma kamili wanaopona walifikia 6 hadi 7 katika 10, pale ugonjwa unapokutwa haujasambaa. Ukikutwa umeshasambaa, idadi hiyo hushuka hadi 2 au 3. Kwa kawaida dawa hutangulia kwa wiki kadhaa, upasuaji ukafuata, kisha dawa tena. Kondrosakoma ni tofauti: kwa kawaida haisikii dawa wala mionzi, na tegemeo lake ni upasuaji uliofanywa vizuri.

Wazazi wengi hukimbia wakisikia neno kukatwa. Tunaelewa, ni mtoto wao, ni mguu wake. Lakini wanaokimbia hurudi baada ya miezi, mguu ukiwa hauokoleki kwa namna yoyote na kifua kimeanza kubana. Kijana mwenye mguu bandia anarudi shule, anapanda bodaboda, anaoa, anazaa. Dawa nyingine zinaweza kupunguza uwezo wa kuzaa, na hilo lizungumzwe na daktari kabla ya dozi ya kwanza.

Wakati wa dawa, homa ya nyuzijoto 38 au zaidi ni dharura hata kama mgonjwa anacheka. Asipewe panadol na kulazwa nyumbani hadi asubuhi.

Matibabu yakiisha, uzito una umuhimu?

Sasa ndio. Aliyepona arudi kwenye uzito wa afya, ale mlo wa kawaida na afanye mazoezi ambayo mguu wake unaruhusu. Doxorubicin inaweza kuudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na unene, shinikizo la damu na sigara huuongezea moyo huo mzigo. Hii ndiyo sababu tunayoweza kuisimamia.

Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na mara nyingi mapafuni, ukiwa mdogo bila dalili yoyote. Vinundu vichache vikionekana mapema vinaweza kuondolewa kwa upasuaji, na wapo wanaopona hata hapo. Kliniki za ufuatiliaji zisirukwe hata kama ni msimu wa mavuno na nauli ni ngumu. Ikibidi, muulize daktari kama picha ya kifua inaweza kupigwa Mbeya au Iringa na majibu yakatumwa. Mgonjwa anayeanza kukohoa au kuishiwa pumzi asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aende na kadi yake hospitali iliyo karibu, aseme aliwahi kutibiwa saratani ya mfupa, na apigwe picha ya kifua siku hiyo.